Praiveti au serikali? Nimepita kote, Dar es Salaam

Mimba ya kwanza sikutaka hata kusikia habari za hospitali ya serikali. Nililipia chumba cha peke yangu praiveti, mume wangu akaruhusiwa kukaa nami, chai ya maziwa ikaletwa kwenye sinia. Manesi walikuwa wapole mno, siwezi kuwasema vibaya kwa hilo.

Saa nane usiku njia ya uzazi ikagoma kufunguka zaidi ya sentimita 7. Mapigo ya mtoto, ambayo hutakiwa kuwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, yakashuka chini ya 100. Hapo ndipo nilipojua kwamba daktari wa upasuaji amelala kwake na mtu wa usingizi ni wa kuitwa, tena simu yake haipokelewi. Wakaandika rufaa. Nililia njia nzima ndani ya gari la wagonjwa, napelekwa hospitali ileile ya serikali niliyoikimbia. Huko nilisainishwa fomu na kuingizwa chumba cha upasuaji moja kwa moja. Adhana ya alfajiri ilikuta mwanangu ameshalia.

Mimba ya pili, daktari wa kliniki aliniambia naweza kujaribu njia ya kawaida, ila iwe mahali wanapoweza kunipasua saa yoyote kovu la mwanzo likileta shida. Nikachagua hospitali ya rufaa ya mkoa.

Adha zipo, nisiwadanganye. Sera inasema mjamzito hachangii, lakini beseni langu lilijaa glovu, pamba, mpira wa kutandika na kamba za kitovu, vyote nimenunua mwenyewe. Mume aliishia getini. Nesi mmoja alinifokea leba kwa sababu nilipiga kelele, na mpaka leo linaniuma. Wodini tulilala wawili kitanda kimoja, mzungu wa nne, vichanga katikati. Mwenzangu akigeuka, nami nageuka.

Lakini yule mkunga wa zamu ya usiku! Kila nusu saa alikuja na kile kikombe chake cha kusikilizia: sikio tumboni kwangu, macho kwenye saa, midomo inahesabu kimyakimya. Kondo lilipotoka na damu ikakataa kukata, aliita mara moja tu, madaktari wawili wakafika kabla sijaelewa kuna nini. Sindano, dripu, mkono unakanda tumbo. Damu ya kuniongezea ilikuwepo hapohapo.

Kwa hiyo ukienda kukagua hospitali, achana na mapazia. Uliza: Jumapili saa nane usiku nani anapasua, nani anatoa usingizi, damu iko wapi? Praiveti ikikuonyesha vyote vitatu, na bima yako inalipa, nenda kwa moyo mmoja, utapata na kitanda chako. Wakikujibu "tutampigia", mimi nisingejifungulia hapo.

Mdogo wangu anatarajia mwezi ujao. Jumamosi hii tunakwenda kuuliza pamoja.