TAHADHARI: Muuza 1JZ anayekataza oili isimwagwe

Wakuu, kabla hamjamtumia mtu hela kwa ile video ya 1JZ GTE, injini ya Toyota yenye turbo, inayozunguka wiki hii, ile yenye dumu la njano, simameni kwanza. Hiyo injini "iliyoshuka juzi kutoka Japani" iko kwangu, chini ya turubai, imenoki. Video ni ileile niliyotumiwa mimi. Hata jogoo anayewika kwa nyuma ni yuleyule.

Ndiyo, ni mimi niliyelizwa. Chekeni mmalize. Na wewe mwenye Altezza usijisumbue kunipigia, nimeshajua utakachosema.

GX yangu, gari langu la Toyota, mnaijua, na yaliyoipata injini yake ya kwanza, 1G, mnayajua, sirudii. Hela mnajua pia ilitoka wapi, ndiyo maana mama watoto hanisemeshi mpaka leo. Gari lenyewe siku zote analiita mke mwenza, sasa fikirieni mke mwenza aliyekula milioni 7.5 na amelala uani hawezi kusimama.

Sasa nisikilizeni, maana sikuokota injini barabarani kama mtoto. Nilienda Ilala mwenyewe, na fundi wangu, mchana kweupe. Jamaa ana kontena limejaa mali, ana vijana wawili wenye maovaroli, anaitwa "mzee" na kila anayepita. Injini ilikuwa imekaa juu ya matairi mawili, betri ya Fuso pembeni, pampu ya petroli imezamishwa kwenye dumu. Kijana akapiga selfu. Ikaitika papo hapo. Sailensi, yaani mngurumo bila kukanyaga mafuta, imetulia, hakuna moshi, hakuna mlio wa ajabu, na alipoivuta kidogo turbo ikapiga ule mluzi wake. Nywele zilinisimama. Nani kati yenu zisingemsimama?

Fundi akatoa geji yake akapima kompresheni. Silinda zote sita zilikuwa karibu sawa. Yule bwana hakubisha, alimshikia hata plagi. Akatueleza kwamba hii imetoka kwenye gari la JZX100, yenye VVT-i na turbo moja kubwa, siyo zile za JZX90 zenye turbo mbili ndogo ambazo alisema gurudumu la ndani la kauri likichoka linapasuka. Yote kweli, na wote mnajua ni kweli. Mtu anayeongea hivyo unamshuku vipi?

Kilichonimaliza kabisa ni giaboksi. Alikuwa na R154, giaboksi ya manyuo, pale chini, nami macho yote kwake, mnajua nilivyoitafuta. Nikauliza bei. Akasema, "Mdogo wangu, hii sikuuzii. Sinkronaiza ya gia ya tatu imekufa, utanilaani." Mtu anakataa hela yako mkononi! Anakuonyesha ubovu ambao wala hukuuona! Nikamwangalia fundi, fundi akanitikisia kichwa kwamba huyu ndiye. Halafu jamaa akatuachia funguo za kontena, akaenda kula, tukabaki na injini peke yetu kama wenye mali. Tapeli gani anakuachia funguo?

Nikalipa. Tukaondoka nayo kwenye Kirikuu, mimi nimekaa nyuma nimeikumbatia isigonge bodi.

Wakati wa kupakia akaja na masharti ya garantii ya mwezi mmoja. Oili iliyomo ni mpya, ya kuzoeshea injini, isimwagwe mpaka kilomita 500. Sampu, lile beseni la oili chini ya injini, isiguswe. Bolti za sampu alizipiga alama ya rangi nyeupe mbele yetu, eti ikikatika tu, garantii hakuna. Fundi alitaka kumwaga tulipofika gereji, mimi nikamzuia. Nililinda garantii yangu, kama ambavyo yeyote angefanya.

Kufunga hakukuwa na shida, bodi ni ileile inayobeba 1JZ, waya na kontrol boksi vilikuja nayo. Mtaani ilienda vizuri. Jumapili ile tuliyopanga kwenda Chalinze ndiyo nikajua. Mlionisubiri Kibaha mnakumbuka nilisema nimepata pancha. Haikuwa pancha. Baada ya mwendo mrefu injini ikashika moto sawasawa, taa ya oili ikaanza kuwaka nikisimama na kuzima nikikanyaga, halafu chini kukaanza ko-ko-ko-ko. Nikazima pale pale. Nikavutwa mpaka mjini kwa kamba na Noah ya kubeba mboga, nyanya zinanitazama kwenye kioo cha nyuma njia nzima. Sasa mmejua.

Gereji, fundi akachomoa stiki ya oili, akanusa, akanipa ninuse. Harufu ya kiberiti. Oili ya difu, ya gia za ekseli ya nyuma! Ile nzito ya namba 90. Injini inayotakiwa kuwekewa 5W-30 imejazwa oili ya difu ili kugonga kwa chini kusisikike. Tukamwaga, ikatoka imejaa unga wa shaba unaometameta. Sampu ikafunguliwa, garantii na ife. Metali za konrodi namba tano na sita, zile beringi zinazokaa kwenye krenki, zimekwisha, na nyuma ya metali moja, wakuu, kulikuwa na kipande cha kopo la soda kimekatwa kwa mkasi kuziba nafasi. Rangi nyekundu bado iko juu yake. Ninacho hapa mezani ninapoandika. Krenki imechubuka, na turbo nayo shafti imeanza kucheza kwa sababu uchafu ule wote umepita humo.

"Haijawahi kufunguliwa tangu Japani." Japani gani wanakata makopo?

Nilirudi kwake. Hakukasirika hata kidogo, ndiyo kinachoniuma. Alitazama picha, akasema, "Alama umeikata mwenyewe, mdogo wangu." Kesho yake simu haipokelewi, keshokutwa nimefungiwa kabisa. Mtu huyu kufungwa hakumtoshi. Anyweshwe ile oili ya difu kikombe kizima, halafu asukume GX yangu kutoka Kibaha mpaka Ilala mchana wa jua, huku vijana wake wale wa maovaroli wakimpigia makofi. Na kila aliyemuuzia asimame njiani amwangalie usoni.

Mnaouliza dalili, sawa. Siku ile ya kununua, muuzaji aliizima kabla haijapata moto, akasema hakuna rejeta, ikichemka ataiharibu. Sababu ni ya kweli, ndiyo uzuri wake. Na kompresheni haikuambii chochote kuhusu metali, inakuambia ringi na valvu tu. Cha kupima ni presha ya oili injini ikiwa moto, kwa geji, siyo kwa taa. Nendeni na rejeta yenu. Sampu ilikuwa na silikoni mpya wakati bloku ni ya zamani, hilo fundi anasema aliliona, ila kaniambia sasa hivi. Jina lililotokea nilipolipa kwa simu lilikuwa la mwanamke. Karatasi za forodha zilikuwa "kesho", na bila hizo sijui kadi ya gari ningebadilishaje namba ya injini. Risiti ni ya mkono, siyo ya mashine ya EFD, na imeandikwa "spea mbalimbali". Askari alipoisoma alinirudishia akaniuliza, "Injini iko wapi hapa?"

RB ya polisi nimepata hata hivyo. Mpelelezi anasema tukijitokeza wengi jalada litakuwa na uzito, na najua siko peke yangu, maana kuna mtu wa Mbagala ameshanitumia picha ya bolti zenye rangi nyeupe ileile, yake ni 1G ya VVT-i. Mwenye risiti ya "spea mbalimbali" anitafute faragha. Jumatatu asubuhi tunaenda kituoni, na kopo la soda nalibeba.