Matairi ya spoti kwa gari la kila siku: ya kuanzia na ya kuachana nayo

Niliwahi kufunga matairi ya mbio kwenye gari ninaloendea kazini. Mpira wake ulikuwa laini, ukibonyeza kwa ukucha alama inabaki. Siku za jua nilifurahi kama mtoto. Kisha kashata, vile vipande vya mpira vinavyogusa lami, zikaisha, zikabaki kama milimita 3, na asubuhi moja ya mvua na baridi nyuma ya gari ikanitoka kwenye kona ninayoipita kila siku, tena nikiwa kwenye kilomita 40 tu kwa saa. Sikugonga kitu. Matairi hayakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyenunua kitu cha kuchezea Jumamosi moja kwa mwezi, nikakitumia kila siku.

Kwa hiyo orodha yangu haianzi na tairi linaloshika kuliko yote kwenye lami kavu. Inaanza na linalokusimamisha mvua ikinyesha.

Kwanza soma ubavuni. Tuseme umeona 225/45 R17 94W. 225 ni upana kwa milimita, 45 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya huo upana, 17 ni rimu kwa inchi. 94 ni namba ya siri ya uzito linaoweza kubeba, maana yake kilo 670 kwa tairi moja. W ni mwendo wa hadi kilomita 270 kwa saa, na hapa ndipo wengi wanapotea: wanaichukua herufi hiyo kama kipimo cha mshiko. Inakuambia tu kwamba tairi litahimili joto la mwendo huo bila kupasuka. Kuna matairi ya W yanayoteleza kama sabuni. Usishuke chini ya namba na herufi zilizo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango, basi.

Ukitaka kuweka rimu kubwa zaidi, piga hesabu ya kimo chote. Gari la 205/55 R16 lina tairi la milimita 632 hivi. 225/45 R17 linatoka 634. Tofauti hiyo hata kipima mwendo hakitaisikia.

Nafasi ya kwanza naipa matairi ya spoti ya majira ya joto ya daraja la juu: Michelin Pilot Sport 4S, Continental ExtremeContact Sport 02, Bridgestone Potenza Sport, Goodyear Eagle F1 Asymmetric 6. Mpira wake umechanganywa silika nyingi (unga wa madini ya jamii ya mchanga), ndiyo inayoshika lami yenye maji, na mifereji yake mipana inasukuma maji pembeni kabla tairi halijaanza kuelea. Ukipenda usukani unaojibu papo hapo, tazama Potenza. Ukiniuliza mimi, ningechukua 4S, maana sipendi kurudi dukani mapema. Udhaifu wa kundi lote ni mmoja: joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi mpira unakakamaa, na kwenye theluji hayafai kabisa.

Anayeishi penye baridi kama hiyo aruke hadi nafasi ya pili, matairi ya spoti ya misimu yote. Continental ExtremeContact DWS06 Plus na Michelin Pilot Sport All Season 4 ndiyo ya kuulizia. Kwenye kona kavu utahisi kashata zikiyumba kidogo kabla gari halijakaa sawa, lakini yanadumu. Hiyo Continental ina kitu ninachokipenda: herufi D, W na S zimechongwa kwenye kashata zenyewe. S ikifutika, theluji basi. W ikifutika, mvua nayo ianze kukutia wasiwasi.

Ya tatu itawaudhi wapenda spoti: tairi la kawaida la kampuni inayoheshimika. Kama shokapu zimekufa na bushi zimelegea, tairi la spoti litakupa kelele na mitikisiko tu. Tengeneza chini kwanza.

Ya nne ni yale yaliyonitia adabu, yenye namba 200 ya uchakavu (treadwear ubavuni; ikiwa kubwa, tairi linatarajiwa kudumu zaidi), kama Bridgestone Potenza RE-71RS na Yokohama Advan A052. Kwenye uwanja wa mbio ni raha tupu. Barabarani yanakwisha upesi, yananguruma, na mshiko wake halisi unaamka mpira ukishapata moto. Halafu usiiamini sana hiyo namba. Mtengenezaji mwenyewe ndiye anayeiandika. Sport 02 imeandikwa 340 na 4S ni 300, lakini huwezi kuapa kwamba ya kwanza itadumu zaidi. Na 200 imejaa sokoni kwa sababu mashindano mengi ya magari ya barabarani yameiweka kuwa kima cha chini.

Mwisho kabisa ni tairi la bei ya kutupa lenye michoro mikali ya kishale. Mchoro ni rahisi kuiga. Mchanganyiko wa mpira hauonekani kwa macho, na huo ndio unaolipia.

Dukani, tafuta namba 4 za mwisho za alama ya DOT iliyo ubavuni, ndiyo tarehe ya kutengenezwa. 1824 maana yake limetengenezwa wiki ya 18 ya mwaka 2024. Lililokaa stoo miaka mitano linaweza kung'aa na bado mpira umeshaanza kuzeeka. Nunua manne. Mfuko ukiruhusu mawili tu, mapya yakae nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Mbele ikiteleza utapunguza mwendo na gari litarudi, lakini nyuma ikikutoka madereva wengi hawaiwezi.

Fundi akimaliza, usiondoke kwanza. Zunguka gari lote ukisoma ubavu unaoonekana kwa nje: kama tairi lina upande maalumu, neno OUTSIDE (nje) lazima lionekane kwenye yote manne. Mimi nimeshalikuta moja limegeuzwa, na fundi alikuwa tayari ananawa mikono.