Ushauri nasaha wa mtoto wa kuasili, Mombasa: miezi 7 na mwanangu

Kila Jumamosi ya pili natoka Voi na matatu ya alfajiri kumpeleka mwanangu kwenye kituo cha ushauri nasaha wa watoto Mombasa. Huu ni mwezi wa saba. Nawapa nyota 4, na ile moja niliyobana nitaisema.

Mwanangu nilimtoa makao ya watoto akiwa na miaka 4. Akianguka halii, anajipangusa goti na kutazama kama kuna aliyemwona. Mgeni yeyote akiingia, anamshika mkono anataka kuondoka naye. Na chakula! Vipande vya chapati chini ya mto, maharagwe yaliyochacha ndani ya soksi. Sheria inataka mtoto akae nawe miezi 3 mfululizo kabla hujapeleka ombi la kumwasili Mahakama Kuu, na miezi yote hiyo nilinyamaza. Afisa wa watoto akija, namwambia tuko salama. Niliogopa nikisema ukweli nitanyang'anywa mtoto. Kama wewe uko kwenye miezi hiyo na unaficha, usingoje kama nilivyongoja mimi.

Chumba kina sanduku la mchanga, wanasesere na vitanda vidogo vya mbao. Mshauri hamhoji mtoto mambo ya makaoni. Anakaa mkekani, anamwacha acheze, na mzazi anabaki mumo humo. Siku ya kwanza mwanangu alivipanga vitanda vyote mstari mmoja, akavifukia, akaupigapiga mchanga kwa kiganja hadi ukawa sawa kabisa. Aliyelia ni mimi.

Kuhusu chakula, nilitarajia kufundishwa namna ya kumkomesha. Nikaambiwa: "Mamake, usimnyang'anye. Mpe bakuli lenye mfuniko liwe lake, na lisilale tupu hata usiku mmoja." Nikanunua la kijani, nikatia njugu na biskuti, nikaliweka kando ya kitanda. Wiki ya pili sisimizi wakalivamia. Nilikuwa tayari kuliondoa, lakini nikampigia mshauri simu kwanza. Akasema liweke kwenye sahani yenye maji. Mwanangu alisimama mlangoni akinitazama ninavyoyamimina yale maji, kimya. Kufika mwezi wa nne, chini ya mto hamna kitu.

Mshauri ndiye aliyenieleza utafiti ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000. Watoto 136 wa makao, nusu wakapelekwa kulelewa na familia, na waliotoka kabla ya miaka 2 ndio walioshikamana na walezi wao vizuri zaidi. Moyo ulinipiga paa, wangu alikuwa na 4. Hakunidanganya kwamba umri si kitu. Alisema tutakwenda polepole, na miaka yake ya kwanza hatuwezi kuirudisha, lakini usiku wa leo uko mikononi mwetu. Maneno hayo nimeyashika.

Sasa ile nyota. Pale mapokezi, dada mmoja aliita kwa sauti, "Yule wa kuasiliwa aingie!" Ukumbi umejaa. Mwanangu akaniuliza kuasiliwa ni nini, nami nilikuwa nimepanga kumweleza nyumbani, kwa maneno yangu. Walituomba radhi, na sasa wanaita kwa namba. Lakini neno lilishatoka.

Kikao ni dakika 50, shilingi 2,500, na bima yangu haikulipa. Omba nafasi ya asubuhi. Mchana foleni ni ndefu na mtoto anaingia akiwa amechoka. Mfungie kitu cha kula njiani, na akishike mwenyewe.