Petroli isiyo na ethanoli hapa Minnesota: nani ailipie, nani aiache

Ukisimama kituo cha mafuta hapa Brooklyn Park, Minnesota, utakuta namba za oktani, yaani kipimo cha petroli kuhimili mgandamizo bila kujiwasha, zimejipanga pampuni: 87, 88, 89, kisha E85 yenye rangi ya njano, ambayo sehemu kubwa ni ethanoli, na pembeni kabisa 91 yenye kibandiko kirefu. Kibandiko kinasema mafuta hayo ni ya magari ya kale, pikipiki, boti, pikipiki za theluji na injini ndogo tu. Bei yake inaizidi 87 kwa senti 70, siku nyingine dola nzima kwa galoni. Kila baridi ikiisha, vijana wa kwetu wanaoanza kazi ya kukata nyasi hunipigia simu na swali lilelile: "Kaka, hii ya bei juu ina nini?"

Haina kitu. Ethanoli haimo, na huko kutokuwamo ndiko unakokulipia.

Ethanoli iliyo kwenye petroli ya kawaida si ujanja wa mwenye kituo. Ni sheria ya jimbo: tangu 1997 Minnesota nzima inauza petroli iliyotiwa spiriti ya mahindi, na sasa kipimo ni asilimia kumi, ile inayoitwa E10. Toka mjini uelekee kusini au magharibi, utaona mahindi mpaka macho yachoke, na katikati yake viwanda vya ethanoli vinafuka mvuke. Huhitaji tena mtu wa kukueleza siasa yake. Wakenya waliokuwa wakiendesha magari miaka ya 1980 hawatashangaa pia, maana gasoholi ya Muhoroni ilikuwa mambo hayohayo, ila spiriti yake ilitoka kwenye molasi ya miwa.

Mimi kiangazi nakata nyasi, baridi nasafisha theluji kwenye njia za nyumba za watu. Kwa hiyo nina injini za kila namna: mashine za nyasi, mashine za theluji, za begani za kufyekea kingo, kipulizio cha majani, chenso (msumeno wa injini), na van inayozibeba zote. Maoni haya yametoka huko.

Nianze na gari kwa sababu halina maneno mengi. Liache linywe E10. Gari la injeksheni lenye sensa ya oksijeni linanusa moshi wake lenyewe, likiona hewa imezidi linaongeza mafuta kidogo, na wewe dereva huna habari. Kinachopungua ni umbali. Galoni ya ethanoli ina nishati pungufu kwa takriban theluthi moja kuliko galoni ya petroli, hivyo ukitia sehemu moja kwa kumi, unapoteza kama asilimia 3. Gari la maili 25 kwa galoni litakwenda karibu maili 25.8 kwa petroli tupu. Sasa weka hesabu ya mfuko: unaongeza robo ya bei, pengine theluthi, upate asilimia tatu. Hapa Minnesota kibandiko chenyewe hakikuruhusu, lakini ng'ambo ya mto St. Croix, Wisconsin, sharti hilo halipo, na niliijaza van petroli tupu nikielekea Eau Claire nione kama kuna siri. Ilikwenda vilevile. Mke wangu akauliza tumelipia nini hasa, nikaongeza sauti ya redio.

Tena kwa baridi ya huku E10 ina faida ambayo maadui zake hawaisemi. Matone machache ya maji yakiingia tankini, ethanoli inayabeba na kuyapitisha yakatoke na moshi. Petroli tupu haishikani na maji. Yanazama chini na kuganda kwenye mrija siku ya nyuzi ishirini chini ya sifuri. Vile vichupa vya HEET ambavyo wazee wa hapa humimina tankini ni alkoholi tu. E10 inakuja na dawa hiyo ndani.

Injini ndogo ndipo pesa ya ziada inapoanza kuwa na maana, na maana hiyo hutaiona mashine ikinguruma. Nilitia 91 tupu kwenye mashine ya nyasi katikati ya Julai nikitegemea nguvu zaidi, sikuona. Nyasi ndefu zilizolowa zinaikaba vilevile. Oktani kubwa haiongezi nguvu kwenye injini ambayo haikuundwa kuitumia. Kinachobadilika ni hali yake baada ya kulala.

Na huku mashine zinalala kwelikweli. Ya nyasi inaingia gereji Novemba, inatoka Aprili. Ya theluji inalala Aprili mpaka Novemba. Chenso inaweza kukaa mpaka upepo uangushe mti wa mtu. Petroli yoyote ikikaa inachakaa: sehemu zake nyepesi zinapaa, zinazobaki zinageuka gundi. Briggs & Stratton, ambao injini zao ziko kwenye nusu ya magereji ya mtaa huu, wanasema mafuta yasiyotiwa dawa huanza kuharibika baada ya siku 30. Ethanoli inaongeza ya kwake juu ya hapo, maana inavuta unyevu wa hewa kupitia tundu la kupumulia la kifuniko. Katika nyuzi 15 hivi, E10 inaweza kubeba maji yasiyozidi kama nusu ya asilimia moja. Yakizidi, au baridi ikikaza, maji na ethanoli wanaondoka pamoja na kuzama chini ya tanki. Juu inabaki petroli iliyopungukiwa oktani, chini tabaka la kitu ambacho plagi haiwezi kukiwasha. Na tundu linalonyonya mafuta liko chini.

Fungua kabureta ya mashine iliyolala hivyo uone mwenyewe. Bakuli la aluminiamu lina unga mweupe, jeti ya shaba imeota kijani, na kitundu chake chembamba kama unywele kimezibwa. Mashine inawaka kwa choki, ukirudisha choki inazima. Au inawaka lakini mlio unapanda na kushuka, vuu-vuu-vuu, kwa sababu inapata mafuta nusu. Kwenye mashine za begani, kile kibofu cha kupampia kinakauka na mpira wa mafuta unakuwa mgumu mpaka unakatika mkononi. Fundi atakutoza kusafisha, na mara nyingi kabureta mpya ya kuagiza inakuwa rahisi kuliko muda wake. Gharama hiyo ndiyo ya kulinganisha na ile dola moja ya galoni, maili hazihusiki.

Jaribio langu lililo karibu na haki lilikuwa hili: mashine mbili za theluji za aina moja zilizolala kiangazi kizima upande kwa upande. Moja ina petroli tupu, nyingine ina E10 iliyotiwa STA-BIL nyekundu, dawa ya chupa ya kuzuia petroli isichakae, aunsi moja kwa galoni mbili na nusu kama chupa inavyoelekeza. Theluji ya kwanza ilipoanguka zote mbili ziliwaka. Ndiyo, zote. Ya E10 ilihitaji kuvutwa zaidi, ikatoa harufu ya rangi ya mlango, na dakika za mwanzo ilikohoa. Ya petroli tupu iliwaka sijakunja hata mikono ya jaketi. Siku hiyohiyo mteja wangu mmoja, mama mtu mzima wa mtaa wa pili, alinionyesha ya kwake iliyolala na E10 bila dawa yoyote. Hiyo niliipakia kwenye van.

Kwa hiyo dawa ya chupa inafanya kazi, sitaisingizia. STA-BIL au Sea Foam, hii ya pili ni ya hapahapa Minnesota, zote nimezitumia. Masharti ni mawili: itiwe mafuta yakiwa mapya, kisha injini iungurume dakika kadhaa ili mafuta yenye dawa yafike kwenye kabureta. Ukiimimina tankini na kufunga mlango wa gereji, umetibu tanki tu. Na mafuta yaliyokwisha kutengana hayaunganishwi na chupa yoyote ya dukani. Yamwage kwenye jerikeni uyapeleke kituo cha taka hatari. Kaunti ya Hennepin inacho kimoja hapahapa Brooklyn Park.

Jambo la pili ni joto la injini. Ethanoli ina oksijeni ndani yake, hivyo kabureta isiyo na akili ya kujirekebisha inajikuta inapeleka mchanganyiko wenye mafuta machache kuliko uliokusudiwa. Mchanganyiko wa namna hiyo unawaka kwa moto mkali zaidi, na screw za kurekebisha siku hizi zimefungwa kiwandani kwa sababu ya sheria za moshi. Zile injini za mipigo miwili zinazochanganyiwa oili ndizo zinazolihisi zaidi. Lakini tusitie chumvi: watengenezaji wanajua E10 ndiyo inayouzwa. Stihl, kwa mfano, hapa Marekani wanakubali ethanoli hadi asilimia 10 na wanataka oktani isiyopungua 89. Katikati ya msimu, jerikeni linapoisha kabla halijapata vumbi, mashine zangu za nyasi zinakunywa E10 na hazijanilalamikia. Za mipigo miwili nazipa petroli tupu mwaka mzima, kwa kuwa zinakunywa kidogo na kabureta zake ni za kudeka. Kuanzia Septemba katikati kila kitu kinahamia 91, ili tanki la mwisho kabla ya kulala lisiwe na tone la mahindi.

Tatizo la bidhaa hii liko pampuni. Vituo vingi vina bomba moja kwa namba zote, na ndani ya mpira huo kuna mafuta ya aliyekutangulia. Mwenye gari la galoni 15 hatajua. Wewe mwenye kijerikeni cha galoni moja utaondoka na sehemu nzuri ya 87 ya mtu mwingine kwa bei ya 91. Tafuta kituo ambacho 91 hiyo ina bomba lake peke yake. Kwik Trip na Holiday kadhaa za huku wanayo, na tovuti ya pure-gas.org inaorodhesha vituo vya nchi nzima. Ukilazimika kutumia bomba la pamoja, jaza kwanza jerikeni la mashine ya nyasi, hilo la kuisha wiki hii, ndipo uweke la chenso.

Halafu soma kibandiko, usisome namba tu. Kuna 91 yenye ethanoli na 91 isiyo nayo, na bei zake zinakaribiana vya kutosha kumchanganya mtu. Ukitilia shaka, chukua kijichupa chembamba cha kioo, tia maji kidogo, weka alama ya kalamu pale yanapofika, ongeza petroli, tikisa, subiri. Maji yakipanda juu ya alama, ethanoli imo. Imeiacha petroli ikahamia kwenye maji. Hakuna kifaa cha dukani kinachonishawishi zaidi ya kichupa hicho.

Kijana mmoja niliyekuwa nikifanya naye kazi alijaza majerikeni yote 88, akaja anafurahi: bei chini ya 87, namba juu yake. "Bosi, hapa tumewapata." Sisi ndio tuliopatwa. 88 ni E15, ethanoli asilimia 15, na oktani yake imepandishwa na ethanoli hiyohiyo. Shirika la mazingira la serikali kuu, EPA, limeiruhusu kwa magari ya kuanzia 2001. Kwa pikipiki, boti na injini ndogo imepigwa marufuku, na kibandiko cha rangi ya chungwa pampuni kinasema hivyo. Tuliimimina yote kwenye van. E85 sina haja ya kuielezea. Kama gari lako halikuundwa kwa ajili yake, pita mbali.

Kuna na petroli ya makopo, TruFuel na wenzake, haina ethanoli, na ile ya injini za mipigo miwili imeshachanganywa oili, kwa mfano kwa kipimo cha 50 kwa 1. Kopo la aunsi 32, yaani robo galoni, nimelinunua kwa dola saba mpaka nane. Zidisha mara nne upate bei ya galoni, kisha ukae kitini. Kwa mfanyabiashara ni wazimu. Kwa mwenye chenso ya kukatia tawi mara mbili kwa mwaka, naipendekeza bila kusita: kopo linakaa rafuni likiwa zima, hupimi oili, hununui dawa.

Binamu yangu wa Mombasa aliposikia habari hizi akataka nimtumie makopo hayo kwa jenereta yake, inayokataa kuwaka kila umeme ukikatika. Kwanza, petroli haipandi ndege. Pili, namba zisimtishe: 91 ya huku ni kama 95 ya vipimo vya RON vinavyotumika nyumbani, kwa sababu Marekani wanachukua wastani wa vipimo viwili. Tatu, ubovu wa jenereta yake hautokani na mahindi. Ni petroli ya Pasaka inayongojewa kufanya kazi Desemba. Nimemwambia kila akimaliza kuitumia afunge koki ya mafuta na kuiacha iungurume mpaka izime yenyewe, kabureta ibaki kavu, na mafuta ya tankini ayatie kwenye pikipiki kila mwezi aweke mapya. Hilo halimgharimu hata shilingi.