Miksa isiyopiga "pwaa": ipi ununue kwa maulidi na harusi

Mwezi uliopita nilikuwa na vyombo vyangu vya sauti Jang'ombe, Unguja, kwenye maulidi ya kina mama. Tumefika kwenye kiyamu, watu wote wamesimama, msomaji wa kwanza kamaliza na wa pili yuko tayari, maiki mkononi. Nikabonyeza kitufe cha miksa, ile mashine ya kuchanganya sauti za maiki, kumfungulia. Spika zikapiga pwaa! Mtoto aliyelala begani kwa mamake akaangua kilio, na bi mkubwa mmoja aliyekuwa karibu na spika akashika kifua akaniuliza, "Mwanangu, umeme huo?" Nilikosa la kumjibu. Miksa yenyewe mpya, nimeinunua Darajani kwa laki tatu na nusu.

Kwa hivyo humu sitozungumzia idadi ya njia (kila maiki au ala huingilia njia yake), wala mwangwi, wala bluutuuthi. Hayo muuzaji atakwambia bila ya kuulizwa. Mimi nazungumzia kitufe.

Sauti ndani ya miksa ni wimbi la umeme linalopanda na kushuka, likipita kwenye sifuri. Miksa ikiwa ya ovyo, kepasita zake (vipande vinavyotakiwa kuzuia umeme wa upande mmoja) huvuja, na umeme kidogo wa upande mmoja, kama ule wa betri, hutuama kwenye swichi. Ukitulia hausikiki. Ukibonyeza, kiwango kinaruka ghafla na koni ya spika inaruka nacho. Hiyo ndiyo pwaa. Hata umeme huo usipokuwepo, kukata wimbi likiwa kileleni nako kuna mlio wake, ingawa mdogo. Njia ya kuuzuia ni kutokata kwa mkupuo: saketi inaifunga sauti taratibu kwa milisekunde chache, na sikio halijui kama kuna kitu kimefungwa.

Basi nenda dukani na hedifoni zako. Zichomeke, kisha usichomeke kitu kingine. Pandisha masta (sauti ya jumla) mpaka usikie "shhh" nyembamba, kisha bonyeza kitufe cha njia mara kumi. Chomeka maiki, bonyeza tena mara kumi. Kitufe cha 48V, kinachopeleka umeme kwenye maiki zinazouhitaji, usikibonyeze hedifoni zikiwa masikioni. Volti 48 zikiingia kwenye waya kwa pamoja, hata miksa nzuri hupiga pwaa. Hicho ushushe sauti kwanza, siku zote.

Ninayoipenda, na sifichi, ni Yamaha MG12XU. Kila njia ina kitufe chake cha ON, na kwenye yangu nikibonyeza nasikia kidole changu tu. Ina nafasi za maiki sita, bodi ya chuma, na waya wa umeme unaingia moja kwa moja, hakuna adapta ya kusahau nyumbani. Kasoro yake ni kwamba 48V ni kitufe kimoja kwa maiki zote. Bei ni milioni na ushei, lakini sijutii hata shilingi.

Ya pili ni Behringer XR18, ya dijitali, unaiendesha kwa tableti. Kufunga na kufungua njia kunafanywa na programu, na 48V unaiwasha maiki moja moja. Kwa kikundi cha taarab chenye fidla, ganuni, udi na waimbaji wanne, njia 16 za maiki ni raha. Mimi naiweka ya pili kwa sababu kwenye harusi nataka kitu nikiguse gizani bila ya kukitazama.

Ya tatu ni Yamaha MG06, ndogo, ya madrasa au kisomo cha nyumbani. Haina kitufe cha kufunga njia, una kitasa cha kuzungusha tu, na kitasa kikishushwa taratibu hakina cha kuruka. Ifunike kwa kanga ukimaliza. Hewa yetu ya chumvi na vumbi huvifanya vitasa vikwaruze.

Za laki mbili tatu zisizo na jina: kama umeshanunua, usiguse vitufe, tumia vitasa. Na kama una kisanduku cha kuchagua kati ya simu na kompyuta kinachopiga pwaa, mpelekee fundi atie rizista ya megaomu moja kutoka kila mguu wa kuingilia hadi ardhi. Ule umeme uliotuama unapata pa kutokea.

Lakini usiitwishe miksa kosa lisilo lake. Miksa huwashwa kwanza, amplifaya (inayokuza sauti kwenda kwenye spika) mwisho. Kuzima ni kinyume chake. Umeme ukikatika katikati ya shughuli, kimbilia kuzima amplifaya kabla haujarudi.

Sasa wauzaji. Niliporudisha ile miksa, kijana wa duka akaniambia, "Mama, miksa zote ndivyo zilivyo," akanionesha karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudi. Boksi hawafungui mpaka utoe pesa. Nimekwenda peke yangu nikatajiwa bei, wiki ya pili nikaenda na kaka yangu, ikashuka elfu themanini, kitu kile kile, rafu ile ile. Wanawake tunaofanya kazi hii tunanunua kwa pesa ya jasho kama wanaume, tena sisi ndio tunaoitwa kwenye shughuli za kina mama. Mimi sasa nikiambiwa boksi halifunguliwi nachukua hedifoni zangu naondoka. Duka lililoniuzia Yamaha liko Mlandege. Mzee mwenyewe alikata utepe kwa kisu, akachomeka waya, akanipisha kwenye kiti chake nibonyeze mpaka niridhike.