WriteAsync ya .NET: uzoefu wangu na kughairi uandishi katikati

WriteAsync ni njia ya .NET, jukwaa la Microsoft la kuundia programu, ya kuandika data kwenye faili au mtandao bila msimbo wako kusimama kusubiri. Naanza na jambo linalowaponza wengi: ukighairi WriteAsync, baiti zilizokwisha kwenda hazirudi. CancellationToken, tokeni unayoipa WriteAsync ili uweze kuighairi, ni ombi la kusimama tu. Faili inaweza kubaki nusu, na upande wa pili wa soketi (muunganisho wa mtandao) ukawa umepokea robo ya ujumbe. Ukilijua hilo mapema, hiki ni chombo kizuri sana, na kwa seva za kupokea faili sioni sababu ya kurudi kwenye Write ya kawaida inayoushikilia uzi (thread, mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) mpaka uandishi uishe.

Chagua ile inayopokea ReadOnlyMemory<byte>, iliyoingia na .NET Core 2.1 mwaka 2018. Inarudisha ValueTask, aina nyepesi ya Task (kitu kinachowakilisha kazi inayoendelea), kwa hiyo uandishi ukimalizika papo hapo haihitaji kuunda Task mpya. Sharti lake ni kuisubiri kwa await mara moja tu.

Kosa ninalolikuta zaidi liko kwenye kufungua faili:

await using var fs = new FileStream(njia, FileMode.Create, FileAccess.Write, FileShare.None, 4096, FileOptions.Asynchronous);
await fs.WriteAsync(data.AsMemory(0, idadi), tokeni);

Ukiacha FileOptions.Asynchronous kwenye Windows, kazi ileile ya kuzuia inahamishiwa kwenye uzi wa ThreadPool, hazina ya nyuzi ambazo programu nzima inazitumia. Msimbo unaonekana safi, lakini wateja wakiongezeka seva inaishiwa nyuzi. Kwenye Linux faili huandikwa na uzi wa ThreadPool vyovyote vile, na kipande kikishaanza kuandikwa tokeni haikikatizi. Ndiyo maana naigawa data kubwa vipande vya baiti 81,920, kiasi ambacho CopyToAsync hutumia usipoipangia, ili tokeni ikaguliwe kabla ya kila kipande.

Ile 4096 ni ukubwa wa bafa kwa baiti, yaani sehemu ya kumbukumbu inayoshikilia data kabla haijaandikwa. Ukiandika baiti 200, zinakaa kwenye kumbukumbu kwanza, na diski haijaguswa. Ita FlushAsync(tokeni) kabla ya kufunga.

Kwa faili ambayo haipaswi kuonekana nusu, andika kwenye faili ya muda ndani ya folda ileile, ifunge, kisha File.Move yenye overwrite: true. Ikighairiwa, futa ile ya muda. Ya zamani inabaki nzima. Kwa soketi njia ni moja: funga muunganisho. Usijaribu kuendelea, kwa sababu hujui ujumbe umekatikia wapi, na mpokeaji atasoma mwanzo wa ujumbe mpya kama mwendelezo wa ule wa kwanza.

Kama bafa yenye data yako umeiazima kutoka ArrayPool, hazina ya safu zinazotumika tena na tena, usiirudishe kabla await haijamalizika. Mwingine ataiazima aiandike juu, na faili yako itatoka na data ya mtu mwingine bila kosa lolote kuripotiwa. Hilo ni baya kuliko programu kuanguka.

Muda wa mwisho weka kwa CancelAfter, inayoighairi tokeni muda ukiisha. WriteTimeout ya NetworkStream (mkondo wa data wa soketi) haihusu WriteAsync. Mtumiaji naye akiwa na tokeni yake, ziunganishe kwa CreateLinkedTokenSource, na ukimaliza uite Dispose.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu DisposeAsync, inayoifunga faili, haipokei tokeni: bafa ikiwa bado na kitu, kufunga kunakimwaga kwenye faili hata baada ya kughairi, na hapo huna cha kukatiza.