Piko ya vipaketi: kwenye nywele sawa, mikononi hapana

Piko ya unga inayouzwa kwa vipaketi kwenye maduka ya vipodozi Mwanjelwa, Mbeya, kwa rangi haina mpinzani. Koroga na maji, paka, na ndani ya saa moja mvi zimekuwa nyeusi tii. Hina haifiki hapo.

Ubaya unaanza kipaketi hichohicho kinapochora maua mikononi mwa bibi harusi. Weusi wake unatokana na parafenilinidiamini, kemikali ya rangi. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye nywele tu, isizidi asilimia 2 baada ya kuchanganywa. Kwenye ngozi ni marufuku.

Molekuli zake ni ndogo mno: hupenya ngozi na kujishikiza kwenye protini za mwili. Hapo hukutana na seli za Langerhans, walinzi wa kinga ya mwili, ambazo ni asilimia 2 hadi 4 hivi ya seli za ngozi ya juu. Hizi, na wenzao wa ngozi ya ndani, huibeba protini hiyo hadi kwenye tezi za limfu za kwapani na kuzionyesha seli T, askari wa kinga, ambazo hufundishwa kuitambua. Kazi hiyo huchukua kama siku 10 hadi 14, bila muwasho wowote. Ndiyo maana wengi husema “mimi hainidhuru.” Wakipaka tena, ndani ya saa 24 hadi 72 malengelenge huinuka yakifuata mchoro, ua kwa ua, jani kwa jani. Mzio huo haufutiki: miaka baadaye mtu anapaka mvi, kesho yake kope zimevimba macho hayafunguki.

Baridi ya Juni na Julai nayo inashawishi. Hina inachelewa kukolea, basi mpambaji anaongeza piko au anafunga mkono kwa nailoni. Nailoni inafungia unyevu, na ngozi yenye unyevu hupitisha dawa zaidi.

Kwa nywele, paka tone nyuma ya sikio, usubiri saa 48. Kipimo hicho hakimlindi anayeanza, maana seli T zake bado hazijafundishwa. Msusi avae glavu za naitraili; za mpira wa kawaida hupitisha.

Nywele: nyota tatu kati ya tano. Ngozi: sifuri. Bibi harusi apakwe hina tupu ya ndimu, akae nayo saa sita karibu na jiko. Itakolea zaidi siku ya pili.